Bonge nene la plastiki ya madumu linakatika kama chaki, bamba jembamba linakunjika tu. Ni kupoza au ni malighafi?

Bushi_Katonga

Wakuu, salaam kutoka Kigoma. Naomba majibu ya kitaalamu.

Natengeneza bushi za shafti na puli za kuvutia nyavu kwa ajili ya boti za dagaa, hapa Katonga na kule Kibirizi. Malighafi ni madumu ya njano ya lita 20 yaliyobebea mawese, yale yenye pembetatu na namba 2 chini ya kitako. Yanaoshwa kwa maji ya moto na sabuni ya unga, yanakaushwa juani, yanasagwa kuwa chenga za milimita 8 hivi. Chenga zinajazwa kwenye moldi ya chuma ya milimita 200 kwa 200, moldi inaingia kwenye oveni ya umeme nyuzi 210 kwa saa mbili na nusu, halafu inawekwa chini ya jeki ya tani 10. Bonge linatoka na unene wa milimita 30, na hilo ndilo linalokwenda kwenye mashine ya kukereza.

Sasa shida. Bamba la milimita 4 la chenga hizohizo na oveni hiyohiyo, ukilikunja mpaka pande zigusane linageuka jeupe kwenye mkunjo lakini halikatiki. Bonge la milimita 30 ukilipiga nyundo ya kilo moja linaachana vipande vitatu. Pale lilipoachana, kuelekea ukingoni kuna utando mweupe wenye nyuzinyuzi, ila katikati kuna punje zinang'aa kama sukari ya mawe. Nikilipoza kwenye beseni la maji, ndani kunatokea shimo la kuingia kidole gumba. Nikiliacha lipoe usiku kucha ndani ya oveni, shimo linapungua ila bonge ndiyo linazidi kuwa chaki.

Mzigo wa mwisho ulikuwa na vifuniko pamoja na ndoo chache za rangi ndani yake. Nataka kuelewa kinachotokea ndani ya plastiki yenyewe. Malighafi moja, tabia mbili, kwa nini?

---

Mwl_Polima

Kaka, umoja wake uko kwenye jina. Ndani mpangilio ni tofauti, na unene ndio ulioutofautisha.

Poliethilini, yaani plastiki ya dumu lako, ni minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni. Ikiwa imeyeyuka, minyororo hiyo imevurugika kama tambi kwenye sufuria. Joto likishuka kufikia nyuzi 120 hivi, inaanza kujikunja mbele na nyuma na kujipanga kuwa vibamba vya fuwele, yaani sehemu zenye mpangilio. Unene wa kibamba kimoja ni nanomita 10 hadi 20 tu, wakati mnyororo wenye uzito wa molekuli 200,000 ukinyooshwa unafika karibu maikromita 1.8, yaani karibu mara mia au zaidi ya unene huo. Ndiyo maana lazima ujikunje. Andrew Keller wa Bristol alilionyesha hilo mwaka 1957 kwa kukuza fuwele moja moja za poliethilini.

Jambo la kushika ni kwamba mnyororo haumalizikii ndani ya kibamba kimoja. Sehemu yake inatoka, inapita kwenye eneo lisilo na mpangilio, kisha inaingia kwenye kibamba cha jirani. Hiyo ndiyo minyororo ya kiungo. Fuwele zinaipa plastiki ukakamavu, zinazuia mafuta yasipenye, na zinashikilia umbo kwenye joto. Eneo lisilo na mpangilio linaipa ulegevu wa kukunjika. Ukipiga nyundo, kinachoamua kama kitu kitapasuka au kitanyumbuka ni idadi ya minyororo ya kiungo inayovuka kutoka kibamba hadi kibamba. Ikiwa michache, vibamba vinaachana safi bila kuvutana.

Kasi ya kupoa inaingia hapo. Ukipoza haraka, minyororo inanaswa kabla haijajipanga vizuri: vibamba vinakuwa vyembamba, na mnyororo mmoja unajikuta umeshikwa na vibamba viwili au vitatu. Ukipoza polepole, mnyororo unapata nafasi ya kujivuta wote uingie fuwele moja. Vibamba vinanenepa, fuwele zinaongezeka, viungo vinapungua. Tena fuwele zinapokua zinasukuma nje kila kisichoweza kujipanga, yaani minyororo mifupi, mabaki ya mafuta na uchafu, na vyote vinarundikana mipakani.

Muda wa kupoa unafuata mraba wa unene. Kutoka milimita 4 hadi 30 ni mara 7.5, kwa hiyo muda ni kama mara 56. Bamba lako likibanwa na chuma baridi pande zote mbili linaganda katikati kwa sekunde 20 hivi, na bonge litachukua karibu dakika 20. Ukiacha ndani ya oveni ni saa kadhaa. Katikati ya bonge lako ni plastiki iliyopewa muda mrefu mno wa kujipanga.

---

FundiMoldi_Gungu

Mwalimu, nadharia yako naikubali, ila kwenye zile punje za sukari tunaachana.

HDPE, yaani hiyo poliethilini ya namba 2, inaanzisha fuwele haraka sana. Mikusanyiko yake ya fuwele, sferuliti, ni midogo kiasi kwamba bila hadubini huioni, hata ukiipoza polepole. Punje inayoonekana kwa macho kwenye HDPE ni mojawapo ya vitu viwili: chenga ambayo haikuungana na mwenzake, au kipande cha plastiki nyingine kilichozama humo. Mwulize Bushi: punje hizo zina ukubwa gani? Kama ni milimita 5 hadi 8 zenye kona kona, hizo ni chenga zenyewe. Nyundo imepita mpakani mwake, haijavunja plastiki hata kidogo.

Piga hesabu ya kujaza moldi uone. Bonge la 200 × 200 × 30 ni sentimita za ujazo 1,200, sawa na kilo 1.14. Chenga za dumu zikimwagwa bila kushindiliwa, lita moja ina gramu 350 hivi. Kwa hiyo kilo 1.14 ni zaidi ya lita 3, kimo cha sentimita 8 za chenga zenye hewa katikati. Hewa hiyo inazuia joto lisipite. Oveni inasoma 210, ukuta wa moldi unafika 210, ila katikati ya lundo huenda hapajafika hata 140 baada ya saa mbili. Na chenga za dumu zina mvutano uliogandishwa ndani tangu dumu lilipopulizwa kiwandani, hivyo zikipata joto zinanyauka na kujikunyata, zinafunga hewa ndani zaidi. Pembeni sasa plastiki imekaa saa mbili kwenye nyuzi 210 ikiguswa na hewa, inaoza kwa oksijeni. Ukivuta harufu kali ya mshumaa uliozimwa na kuona rangi ya kahawia kwenye kona za bonge, basi umeshaipikisha.

Dumu halafu limetengenezwa kwa HDPE ya minyororo mirefu, nzito mno ikiyeyuka. Haimiminiki. Ili chenga mbili zishikane lazima minyororo ya hii iingie ndani ya ile, na hilo linahitaji vitu vitatu kwa pamoja: joto, shinikizo, muda. Ukikosa kimoja unapata kitu kinachoonekana kizima lakini mipakani hakuna kiungo hata kimoja. Weka juu yake utando wa mawese na sabuni ya unga isiyosuuzwa, hapo ndiyo kabisa.

Kingine ni zile ndoo na vifuniko, mchawi wa pili huyo. Ndoo ya kusukumwa kwa sindano ina minyororo mifupi, maana kiwanda kinataka plastiki ijaze moldi kwa sekunde. Vifuniko vingi ni PP (polipropilini), namba 5. PP na HDPE zinayeyuka pamoja na kuonekana zimekubaliana, zikipoa kila moja inaganda kivyake. Mpakani hakuna mnyororo unaovuka.

---

Bushi_Katonga

Fundi, nimepasua bonge jingine sasa hivi kuangalia. Punje ni za aina mbili. Kubwa za milimita 6 hadi 7 zenye kona, na ukizichokoa kwa ncha ya kisu zinabanduka na kuacha kishimo laini. Halafu kuna madoa madogo meupe yenye duara, haya ni magumu kuliko plastiki inayoyazunguka. Kona za bonge ni za kahawia.

Natenganishaje PP na HDPE wakati zote mbili zinaelea kwenye maji na zote zinanuka mshumaa zikichomwa?

---

FundiMoldi_Gungu

Kishimo laini kimemaliza ubishi wa punje kubwa. Madoa ni PP.

Kutenganisha: chukua spiriti safi ya asilimia 95 au zaidi, changanya na maji nusu kwa nusu kwa ujazo. Unapata kimiminika chenye uzito wa gramu 0.93 hivi kwa sentimita ya ujazo. HDPE, yenye 0.94 hadi 0.96, inazama. PP (0.90 hadi 0.91) na ile plastiki laini ya namba 4 zinaelea. Tia tone moja la sabuni ya maji na ukoroge, maana kiputo kimoja cha hewa kinaweza kuibeba chenga nzito ikaelea kwa udanganyifu. Plastiki yenye rangi nyingi au chokaa ndani itadanganya upande wa pili, itazama hata kama ni PP. Fanya mbali na moto.

Kitu chochote kinachozama kwenye maji matupu kitupe nje kabla ya yote. Huko ndiko iliko PVC, plastiki ya mabomba magumu, na PVC kwenye oveni ya nyuzi 190 inatoa mvuke wa asidi ya kloridi unaokula mapafu na moldi yako kwa pamoja.

Kupima urefu wa minyororo bila maabara: tafuta bomba la chuma lenye tundu la ndani la milimita 10, liwe na kitako chenye tundu la milimita 2. Weka gramu 5 za chenga, pasha hadi nyuzi 190, subiri dakika 6, sukuma kwa pistoni yenye uzito wa jumla wa kilo 5. Pima gramu zinazotoka kwa dakika 10. Si kipimo rasmi, maana kile kina tundu la milimita 2.095 lenye urefu wa milimita 8, ila kwa kulinganisha kinatosha. Chenga za dumu zitatoa uzi mnene unaotambaa kwa shida. Za ndoo zitatiririka. Ukipima chenga mpya, halafu ukapima kipande cha ile kona ya kahawia na kikatiririka zaidi, minyororo imekatika. Kikigoma kutoka kabisa, imeshikana yenyewe kwa yenyewe kama wavu. HDPE inaweza kwenda upande wowote kutegemea ilivyotengenezwa. PP siku zote inakatika tu.

---

Mwl_Polima

Fundi, kuhusu punje nimekuelewa, na ushahidi wa kisu umekuunga mkono. Naongeza kitu kinachoitia nguvu hoja yako. Bushi za viwandani zinatengenezwa kwa poliethilini ya minyororo mirefu kupita kiasi, molekuli za uzito wa milioni 3 na kuendelea. Fuwele zake ni chache kuliko za HDPE ya kawaida na uzito wake ni 0.93 hadi 0.94 tu. Ungetegemea iwe dhaifu. Badala yake inahimili kipigo na msuguano kuliko karibu plastiki zote, kwa sababu kila mnyororo unapita kwenye vibamba vingi mno. Na haimiminiki kabisa: unga wake unabanwa kwenye moldi kwa joto na shinikizo mpaka punje ziungane, kazi ileile anayoifanya Bushi. Kwa hiyo urefu wa mnyororo unatangulia, na kasi ya kupoza inakuja baada yake. Dumu zima lililopoa polepole litakuwa kakamavu zaidi lakini haliwi chaki. Likiwa na minyororo iliyokatika au iliyochanganywa na ya ndoo, hapo ndipo kupoza polepole kunaliumbua.

Bushi akitaka kujua kupoza kwake kunafanya nini hasa, apime uzito kwa ujazo. Mizani ya gramu 0.01 inatosha. Kata kipande kisicho na tundu wala kiputo, pima hewani, hiyo ni A. Ning'iniza chuma kidogo ndani ya maji ukipime, hiyo ni S. Funga kipande na chuma pamoja, vizamishe, pima, hiyo ni B. Uzito kwa ujazo ni A × 0.997 (uzito wa maji kwa ujazo) gawanya kwa (A + S − B). Mfano: A gramu 20.00, S 35.00, B 33.98. Chini unapata 21.02, jibu ni 0.949.

Fuwele tupu ya poliethilini ina 1.000, na sehemu isiyo na mpangilio 0.855. Ukifanya hesabu, 0.949 ni asilimia 68 ya fuwele kwa uzito. Plastiki ya 0.960 ni asilimia 75, na mfuko laini wa 0.920 ni 49. Pima kipande cha ukingoni na cha katikati cha bonge hilohilo. Tofauti ya 0.005 si ndogo, ni takriban asilimia 3 hadi 4 za fuwele. Usipime mchanganyiko wenye PP wala rangi nyingi. Jibu halitakuwa na maana.

Kuna jaribio jingine la bure. Kata ukanda wa upana wa milimita 5 kutoka ukuta wa dumu zima, ubane ncha mbili kwa koleo, uvute polepole. Pataanza shingo: sehemu moja inapungua ghafla, inageuka nyeupe, kisha shingo inatembea kuelekea pande zote mbili huku upana ukibaki vilevile. Hapo vibamba vinavunjwavunjwa na kupangwa upya kuwa nyuzi zinazoelekea upande unaovuta. Ukimaliza, ukanda huo hauukati kwa kuuvuta, lakini ukiutia kucha kwa urefu unachanika kama kuti. Fanya vivyo hivyo kwa ukanda uliokatwa kwenye bonge lako. Usipofanya shingo, ukakatika papo hapo, viungo havipo.

---

DadaNyuki_Tabora

Naomba kuingilia kidogo, samahani Bushi. Huku Tabora tunahifadhi asali kwenye ndoo za HDPE za lita 20, tunazipanga tano tano kwenda juu. Baada ya miezi michache zinapata nyufa nyembamba kuzunguka kitako, bila kugongwa. Asali ndiyo inakula plastiki? Ndoo tunaziosha kwa sabuni ya maji kabla ya kujaza.

---

Mwl_Polima

Dada, asali haina hatia. Ni sabuni ikisaidiana na mzigo. Asali ya lita 20 ni kilo 28 hivi, kwa hiyo ndoo ya chini kabisa inabeba zaidi ya kilo 110 juu yake, na mkazo unakusanyika kwenye kona ya kitako. Molekuli za sabuni zinapenya eneo lisilo na mpangilio na kuilainisha minyororo ya kiungo iteleze na kuchomoka taratibu. Hakuna kinachoyeyuka, hakuna kinachobadilika rangi. Ufa unatokea tu. Viwandani plastiki inapimwa udhaifu huu kwa kuikunja na kuizamisha kwenye maji yenye asilimia 10 ya sabuni maalumu kwa nyuzi 50.

Suuza mara tatu kwa maji safi, kausha kabisa, panga mbili au tatu tu, na weka ubao kati ya tabaka ili mzigo ushuke kwenye ukuta na siyo kwenye kona. Na ndoo za HDPE ya sindano ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu ileile ya minyororo mifupi. Asali ukiiweka kwenye madumu yaliyopulizwa itadumu, ila kuisafisha dumu ya shingo nyembamba mnaijua wenyewe.

---

FundiMoldi_Gungu

Turudi kwa Bushi. Hiyo sabuni ya unga nawe ukumbuke: sabuni ya kufulia ibaki kwa awamu ya kwanza tu ya kuosha mawese, kisha suuza mara mbili kwa maji ya moto. Chenga iliyooshwa vizuri ukiisugua kati ya vidole inapiga kelele. Ile yenye mafuta inateleza kimya.

Mpango wangu ungekuwa huu. Tumia madumu peke yake; vifuniko na ndoo nje. Saga chenga ndogo zaidi, milimita 4 hadi 5. Kausha nyuzi 80 kwa saa mbili. HDPE hainywi maji ila chenga zinayabeba juu yake, na tone moja likigeuka mvuke ni kiputo. Pima kilo 1.2, ziada ni ya kuvuja ukingoni. Usijaze yote kwa mkupuo. Weka gramu 400, oveni nyuzi 185, zikilainika zishindilie kwa bamba la juu, ongeza 400, rudia, malizia. Kila safari hewa inatoka na joto linapata njia. Toboa tundu dogo ubavuni mwa moldi, ingiza waya wa thamokopo (kipima joto cha waya) mpaka katikati, na usiguse jeki mpaka uone 170 pale ndani. Baada ya hapo subiri dakika 20 zaidi. Saa ya ukutani haikusaidii hapa, thamokopo ndiyo inayosema.

Kwenye jeki, bana kidogo, legeza, bana tena, mara mbili, hewa itoke. Kisha tani 10 zote. Kwa eneo la sentimita za mraba 400 hiyo ni kilo 25 kwa kila sentimita ya mraba, inatosha. Weka ubao mgumu kati ya moldi na jeki, la sivyo joto linaua mipira ya jeki.

Hapa ndipo shimo lako linapozaliwa. HDPE ikiwa kwenye nyuzi 180 lita moja ina uzito wa gramu 760 hivi, ikiganda ni 950. Kilo 1.14 inachukua lita 1.5 ikiwa ya moto na lita 1.2 ikiwa baridi. Moldi yako lazima ianze na kimo cha milimita 37 hadi 38 ili iishie 30. Ukitumbukiza kwenye beseni, ngozi ya nje inaganda na kusimama kama ukuta, katikati bado ni uji. Uji huo ukisinyaa hauna pa kuvutia plastiki, unajichana wenyewe. Hilo shimo halina hewa ndani, ni utupu.

Kwa hiyo usipoze moja kwa moja. Moldi ikiwa chini ya jeki, iache ishuke mpaka nyuzi 130 hivi ukutani na uishikilie hapo dakika 20, ukiifunika kwa gunia la katani au pamba ya glasi. Kwenye 130 HDPE bado haijaanza kuganda, kwa hiyo ndani na nje vinakaribiana joto bila ngozi kutokea. Kisha ondoa kifuniko, puliza feni pande zote, na kila dakika moja gusa mpini wa jeki, maana plastiki inaponywea shinikizo linaanguka lenyewe. Endelea mpaka thamokopo isome chini ya 100. Hapo unaweza kuachia. Kutoa kwenye moldi subiri 50.

---

Bushi_Katonga

Asante sana fundi. Mawili ya mwisho. Kuna mtu ameniambia nitie poda ya mtoto ili fuwele ziwe ndogo, na masizi ya chemli ili puli zisiliwe na jua. Na kabla ya kukereza, kuchemsha bonge kwenye maji kunasaidia?

---

Mwl_Polima

Poda ya talki inasaidia sana PP, ambayo inasuasua kuanzisha fuwele na bila msaada hutoa sferuliti kubwa zenye mipaka dhaifu. Nusu asilimia inatosha. HDPE haina shida hiyo, utakuwa unatia uchafu. Na poda nyingi za watoto siku hizi ni wanga wa mahindi, zitaungua kwenye oveni.

Masizi ya kweli ya kuzuia jua ni kaboni nyeusi laini sana iliyosambazwa sawasawa, asilimia 2 hadi 2.5, kama kwenye mabomba meusi ya maji. Nunua ile iliyokwisha kuchanganywa kwenye punje za plastiki. Kama ina asilimia 40 ya kaboni, gramu 60 hadi 70 kwa kilo 1.2 zinatosha. Shida ni kwamba oveni na jeki havikorogi. Zisage pamoja na chenga, la sivyo utapata michirizi. Masizi ya chemli yana mafuta na yanabaki madonge, na kila donge ni mahali pa ufa kuanzia. Jua lenyewe linakata minyororo ya kiungo kwanza, kisha vipande vilivyokatika vinajipanga kuwa fuwele mpya. Ndiyo maana plastiki ya zamani juani inakuwa kakamavu na kupasuka kwa wakati mmoja. Bushi iliyo ndani ya maji haihitaji, puli ndiyo inahitaji.

Kuchemsha kunasaidia, kwa kazi ya kukereza. Ngozi na kiini viliganda kwa nyakati tofauti, kwa hiyo ndani kuna mikazo inayovutana. Ukikata upande mmoja, bonge linapinda na tundu la bushi linakuwa yai. Maji ya Kigoma yanachemka nyuzi 97 hivi kwa sababu ya mwinuko, na hiyo inatosha kulegeza mikazo. Zamisha kwa saa tatu hadi nne, zima moto, acha sufuria ipoe yenyewe usiku kucha na bonge likiwa ndani. Vibamba vitanenepa kidogo na uzito utapanda, ukakamavu nao. Kwa dumu safi hupotezi kitu cha maana kwenye kipigo. Kwa ule mchanganyiko wa ndoo, usihangaike kuuchemsha.

---

FundiMoldi_Gungu

Na ukishakereza, acha nafasi ya kutosha kwenye shafti. Plastiki hii inatanuka mara kumi na zaidi ya chuma, na bushi ikiwa imefungwa ndani ya nyumba ya chuma haina pa kutanukia isipokuwa ndani. Bushi ya milimita 50 ikitoka nyuzi 25 kwenda 45 inakula milimita 0.15 hivi za uwazi wako. Ukiibana sana itashika shafti, itajipasha yenyewe kwa msuguano, na itazidi kubana.